Tume ya kurekebisha sheria: inafanya kazi gani hasa, na kwa nini iwe huru?

Kifungu Kidogo
Wakuu, salaam.

Juzi nilibanwa na swali. Bunge lipo linatunga sheria, mahakama zipo zinazitafsiri, kila wizara ina wanasheria wake. Sasa hii tume ya kurekebisha sheria ni ya nini, zaidi ya kuongeza magari ya serikali? Nilijibu kwa kubabaika. Nimekaa nikafikiri, naleta jibu langu hapa mnichambue.

Tuanze na jaji. Yeye ndiye anayekutana na sheria mbovu kila siku, lakini hawezi kuigusa mpaka watu wawili wagombane, wapate hela ya mawakili, na mmoja wao awe mbishi wa kutosha kukata rufaa. Hata hapo anaamua kile tu kilicholetwa mbele yake. Hana ruhusa ya kunyoosha vifungu vingine sita vilivyopinda jirani na hapo. Mbunge anaweza kunyoosha chochote, ila sijapata kuona mpiga kura akimbeba mtu mabegani kwa sababu alifafanua neno "umilikaji" kwenye sheria ya mauzo ya bidhaa. Wizara nayo huamka ikishaungua, na hutibu pale palipoungua tu.

Benjamin Cardozo, alipokuwa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo la New York, aliliandika hili mwaka 1921. Kwa maneno yangu: mahakama na bunge kila mmoja yuko kwake, hawana mjumbe. Anayejua panapouma hana dawa, mwenye dawa hajui panapouma. Alitaka chombo cha kusimama katikati. New York wakaunda tume yao mwaka 1934. Uingereza walifuata 1965, wakaunda mbili kwa sheria moja: ya England na Wales, na ya Scotland. Mwenyekiti wa kwanza wa ile ya England na Wales alikuwa Jaji Leslie Scarman. Kenya ilianzisha yake 1982. Ya Tanzania iliundwa kwa Sheria Na. 11 ya 1980, ikaanza kazi 1983.

Someni ile sheria ya 1965, kifungu cha 3. Tume imepewa jukumu la kuzipitia sheria ZOTE, siyo zile zenye kelele tu. Iondoe migongano, ifute zilizopitwa na wakati, ipunguze utitiri wa sheria zinazozungumzia jambo moja, irahisishe.

Hoja yangu ni hii. Watu wakisikia "tume huru" wanawaza tume inayobishana na serikali. Mimi naona uhuru wake mkubwa ni uhuru wa kushughulika na mambo yanayochosha, kwa muda mrefu, bila mtu kuuliza yataleta kura ngapi.

Mzee Kobe
Nimevuta kiti.

Mchokonozi
Mleta mada umeandika vizuri, ila umepamba. Tume hizi zina kasoro moja tu ambayo inafuta sifa zote ulizozitaja: hazina meno. Zinaandika ripoti, ripoti inapokelewa kwa picha na makofi, inaingia kabatini. Mfano hai: India. Tume yao ilipendekeza mwaka 1971, ripoti ya 42, kwamba kujaribu kujiua kuache kuwa kosa la jinai. Mtu amefikishwa na maisha pale, unamwokoa halafu unampeleka mahakamani? Kila mwenye akili alikubali. Kifungu hicho kimekuja kuondoka lini? Tarehe 1 Julai 2024, pale walipobadilisha kanuni yote ya adhabu. Hesabu mwenyewe: miaka 53.

Hapo unataka niheshimu nini?

Wakala wa Gati
Naomba kuuliza kitu nje kidogo ya mada, au labda ndani yake. Mimi siyo mwanasheria, natoa mizigo bandarini. Kuna jambo limenisumbua tangu nianze kazi hii: meli inafika, kontena lipo, mteja amelipa kila kitu, lakini hati ya shehena, ile BL halisi, bado iko njiani kwa kurier kati ya benki na benki. Bila karatasi ile huwezi kutoa mzigo. Unakimbilia benki kuomba barua ya dhamana, na gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku. Niliwahi kungoja karatasi siku kumi na moja, na picha yake safi kabisa ninayo kwenye simu. Wakanicheka nilipowaonyesha ile picha.

Huwa najiuliza, hivi ni teknolojia haipo au ni sheria?

Kifungu Kidogo
Mkuu Wakala, hujatoka nje ya mada. Umeniletea mfano bora kuliko wangu wote.

Ni sheria. BL siyo risiti tu. Aliyeishika ndiye mwenye haki ya kudai mzigo. Neno zito hapo ni "kuishika". Sheria ya Uingereza, ambayo mikataba mingi ya meli duniani inaifuata, ilisema kitu kisichoshikika hakiwezi kuwa mikononi mwa mtu. Faili la kompyuta halishikiki. Basi hata utengeneze mfumo wa kielektroniki wa ajabu kiasi gani, kisheria hakuna anayekuwa "ameishika" BL yako. Wafanyabiashara walizunguka hilo kwa mikataba ya kujiunga na mifumo binafsi, lakini mkataba unawafunga waliosaini tu. Asiye mwanachama haumhusu.

Sasa jiulize nani angelitengeneza hilo. Mahakama ilikuwa imeshajifunga kwa maamuzi yake yenyewe. Kwa wabunge halina mvuto. Ikachukua Tume ya England na Wales. Wakakaa na mabenki, wenye meli, wahandisi wa mifumo, wakauliza swali moja: karatasi inafanya nini ambacho faili halifanyi? Jibu: karatasi ni moja, inaweza kuwa kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, na ukimpa mwenzio wewe unabaki huna. Picha yako ya simu haina hata moja ya hizo sifa, ndiyo maana walikucheka. Wakapendekeza kwamba mfumo wowote unaoaminika, unaoweza kufanya hayo matatu, hati yake ihesabiwe inashikika kama karatasi. Ripoti ilitoka 2022 ikiwa na muswada tayari. Sheria ikapita Julai 2023, ikaanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Ina vifungu 7 tu.

Wakala wa Gati
Vifungu saba! Na mimi nililipia siku kumi na moja.

Chuo Mwaka wa Pili
Samahani wakubwa. Kwetu darasani tuliambiwa UNCITRAL, ile tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa, walikuwa na sheria ya mfano kuhusu hati hizohizo tangu 2017. Kwa hiyo tume ilinakili tu?

Kifungu Kidogo
Hawakunakili, mdogo wangu. Waliisoma, wakachukua wazo, ila walipaswa kulipandikiza kwenye sheria yao ambayo tayari ina sheria ya hati za fedha ya 1882 na sheria ya usafirishaji wa bahari ya 1992. Singapore nao waliichukua ile ya mfano mwaka 2021 kwa njia yao. Ukibandika sheria ya mfano bila kujua inagusana na nini chini yake, utakuwa umeziba tundu moja umefungua matatu.

Mama Rasimu
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Hapo kwenye matundu matatu niruhusuni niseme, maana nimekula chumvi kwenye uandishi wa sheria, sasa nimestaafu.

Kwanza tutenganishe maneno, vijana wengi wanayachanganya. Kuna urekebu na kuna marekebisho. Urekebu ni kuchukua sheria kama ilivyo, kuingiza mabadiliko yote yaliyokwisha kupitishwa, kupanga namba, kuchapa toleo jipya. Hubadilishi maana hata nukta. Marekebisho ndiyo yanayobadili maana. Mtu akikwambia "sheria zimefanyiwa urekebu" usifikiri zimekuwa za kisasa. Zimekuwa nadhifu tu. Mzee aliyevaa kanzu mpya ni mzee yuleyule.

Pili, niwaambie sheria inavyozeeka, kwa sababu haizeeki kama mnavyofikiri. Sheria kuukuu isiyotumika haina madhara makubwa, imelala. Hatari ni ile inayotumika huku imeazimwa na nyingine. Utakuta sheria A inasema neno "mtegemezi" litakuwa na maana iliyopewa katika sheria B. Sheria B inakuja kubadilishwa kwa haraka, kwa sababu zake za pensheni, na tafsiri inapunguzwa. Hakuna aliyekumbuka A. Siku moja bibi anakwenda kudai fidia ya mwanawe aliyefia kazini, anaambiwa yeye siyo mtegemezi. Hakuna aliyekusudia hivyo, si bunge, si waziri, si mimi niliyeandika.

Ndiyo, niliandika mimi. Maelekezo yalikuja Ijumaa mchana, muswada ulitakiwa Jumanne chini ya hati ya dharura, ukafungwa ndani ya furushi la marekebisho ya sheria mbalimbali, sheria kumi na kitu kwenye muswada mmoja. Nani ataangalia mnyororo wa tafsiri kwa siku nne? Lile kosa nililiona baada ya miaka miwili, tena kwa kusimuliwa.

Mwandishi wa sheria wizarani hana muda. Kwa macho yangu, muda ndicho kitu tume inachouza. Mwaka mzima, wakati mwingine mitatu, kwenye jambo moja. Wanatoa waraka wa majadiliano, wanasubiri maoni, wanabadili msimamo hadharani bila aibu. Waziri akibadili msimamo magazeti yanamchana. Tume ikibadili inaitwa kazi nzuri.

Jambo la tatu halafu nanyamaza. Mleta mada amegusia "muswada tayari" kama jambo dogo. Siyo dogo hata kidogo! Pendekezo la maneno ni tamu kila wakati: "sheria iimarishwe ili kulinda haki za wadau." Anza kuliandika kwa vifungu uone linavyokufa mkononi. Nani? Kwa muda gani? Asipofanya? Kesi zilizokwisha kuanza je? Tume ya England na Wales huazimwa waandishi wa sheria wa serikali wakae humohumo ndani, kwa hiyo rasimu na ripoti hupikwa chungu kimoja. Ripoti nyingi zinazolala kabatini duniani zililala kwa sababu mtu wa kuzigeuza vifungu hakuwapo.

Mzee Kobe
"Mzee aliyevaa kanzu mpya ni mzee yuleyule." Nimejiona.

Mchokonozi
Mama shikamoo. Nakubali la muda, na mfano wa mtegemezi umenichoma. Lakini mnakwepa swali langu. Hata ikipikwa chungu kimoja, asiyetaka kula hali. Na kuna lingine zito zaidi: hawa makamishna amewachagua nani? Majaji na maprofesa watano wanakaa chumbani wanaamua sheria ya ndoa iweje, ya ardhi iweje? Mkiwapa meno, mmewapora wananchi bunge lao. Mkiwanyima, wanaandikia kabati. Chagueni.

Kifungu Kidogo
Hiyo ndiyo njia panda yenyewe, Mchokonozi, na sitakudanganya kwamba kuna njia ya tatu iliyonyooka. Meno ya kutunga sheria sitaki wapewe. Nataka kitu kidogo zaidi: serikali ilazimishwe KUJIBU.

Waingereza walifika hapo baada ya miaka 44. Sheria ya 2009 inamtaka waziri husika apeleke bungeni kila mwaka taarifa ya mapendekezo gani ya tume yametekelezwa na yapi hayajatekelezwa, na kwa nini. Mwaka 2010 wakaweka makubaliano: wizara itoe jibu la awali ndani ya miezi sita, na jibu kamili ndani ya mwaka. Wakati huohuo House of Lords, baraza la juu la bunge lao, wakatenga njia fupi kwa miswada ya tume isiyo na ubishi wa kisiasa, kazi kubwa ikafanywa kwenye kamati badala ya kugombania muda wa ukumbi mkuu. Ile sheria ya vifungu saba, ya hati za biashara za kielektroniki, ilipita njia hiyo. Kwa ujumla karibu theluthi mbili ya ripoti zao zimetekelezwa, nzima au sehemu. Kwa chombo kisichoweza kumlazimisha mtu, si haba.

Wameshindwa pia, tena vibaya. Walianza kuandika kanuni moja ya sheria ya mikataba, wakaiacha 1973. Rasimu yao ya kanuni ya jinai ya 1989 haikuwahi kuwa sheria.

Chuo Mwaka wa Pili
Na zile sheria 817? Mwalimu wetu huwa anazitaja kama mzaha.

Kifungu Kidogo
Siyo mzaha sana. Mwaka 2013 bunge lao lilifuta sheria 817 kwa mpigo, kwa mapendekezo ya tume mbili kwa pamoja. Humo kulikuwa na ya 1696 ya kuchangisha fedha za kujenga upya kanisa kuu la St Paul's lililoungua 1666, na rundo la sheria za reli za India. Kanisa limejengwa, India imejitawala, sheria bado ziko kitabuni. Ila kazi hiyo mimi naiweka chini. Ni kufagia uwanja. Inapendeza kwenye magazeti kwa sababu ina idadi kubwa. Vifungu saba vya Wakala vina thamani kuliko zote 817.

Mama Rasimu
Hapo tunatofautiana kidogo, mwanangu. Kabla ya kufuta, mtu lazima athibitishe kwamba hakuna haki ya mtu yeyote inayoning'inia pale. Huo uchunguzi wa sheria moja iliyokufa unaweza kula wiki nzima. Na tume inayojua kufagia inajua nyumba ilivyo.

Mchokonozi
Sawa, turudi kwenye "huru". Huru vipi wakati bajeti inatoka wizarani, na waziri ndiye anayeteua?

Na hayo makubaliano ya 2010 uliyoyasifu, Kifungu, umesoma upande wa pili? Kabla tume haijaanza mradi, wizara inapaswa kueleza kwamba ina nia ya kweli ya kurekebisha eneo hilo. Maana yake jambo ambalo serikali hailitaki halianzi kabisa. Mmeondoa kabati, mmeweka mlinzi mlangoni.

Kifungu Kidogo
Hilo limenipata. Sina jibu la kulimaliza.

Naweza kusema tu kwamba namna chombo kilivyosimikwa ina uzito. India tume yao haina sheria ya kuianzisha. Serikali huiunda upya kila miaka mitatu kwa amri, na kati ya tume moja na nyingine kiti kinaweza kukaa kitupu. Kanada walikuwa na tume tangu 1971, ikafutwa kwenye bajeti ya 1992. Wakaunda nyingine 1997, ikanyimwa fedha 2006. Ikafufuliwa 2023. Huwezi kupanga kazi ya miaka mitatu namna hiyo. Uganda na Malawi wameitaja tume ndani ya katiba, kwa hiyo kuiua siyo jambo la mstari mmoja wa bajeti. Kuinyima fedha bado inawezekana, naam.

Lakini uteuzi wa waziri peke yake hauniambii kitu. Tazama Afrika Kusini. Tume yao iliundwa 1973, katikati ya ubaguzi wa rangi, na serikali ileile. Mwaka 1986 waziri wa sheria akaiagiza ichunguze namna ya kulinda haki za "makundi". Kila mtu alijua neno hilo lilikuwa la kulinda nani. Jaji Pierre Olivier akaongoza kazi. Mwaka 1989 waraka ukatoka ukisema, kwa ufupi, kundi haliwezi kufafanuliwa kisheria likapewa haki za kudai mahakamani. Anayepaswa kulindwa ni mtu mmoja mmoja, kwa hati ya haki za binadamu, kila mtu apige kura, na sheria za kibagua zifutwe. Mandela alikuwa bado kifungoni.

Walioteuliwa walikuwa watu wa mfumo. Waliulizwa swali lililopinda, wakalichukua kama swali la sheria kwelikweli, wakalifuata hadi lilikowapeleka.

Mchokonozi
Huo wa Olivier sikuwa naujua. Naenda kuutafuta. Msimamo wangu wa meno unabaki palepale.

Wakala wa Gati
Jamani, swali la mtu wa kawaida. Tume ikitoa huo waraka wa majadiliano, mimi nisiye na shahada naruhusiwa kuandika? Au ni mambo ya wadau wenye lebo za majina shingoni?

Mama Rasimu
Andika, baba. Tena wewe ndiye wanayekutafuta na hawajui uliko. Maprofesa watawaandikia tu, hata wasipoombwa.

Ila usiwaambie kifungu gani kibadilishwe, hiyo ni kazi yao. Waambie karatasi gani inahitajika, inatoka dirisha gani kwenda lipi, inakaa siku ngapi, na ikipotea inakuwaje. Kurasa mbili zinatosha. Tuliwahi kupata barua ya mwandiko wa mkono kutoka kwa karani wa masjala, alikuwa amechora mishale kuonyesha jalada linavyozunguka mara mbili kwenye meza ileile. Ule mchoro ulibandikwa ukutani muda wote tulipokuwa tukiandika.

Wakala wa Gati
Mishale naiweza. Kuna fomu moja inagongwa muhuri na ofisi mbili, na ya pili haigongi mpaka ione muhuri wa ofisi ya tatu. Ngoja nitafute karatasi pana.